Kikapu cha Mdomo wa Diwani

Jumanne, 10 Juni 2025

Maksai wamefika asubuhi. Wawili — Diwani na Msafiri. Ni wa mzee Ngollo, Msukuma, jirani yetu wa upande wa mbugani. Makubaliano ni yale ya kila mwaka: yeye anatuazima maksai na mkokoteni tutoe mahindi shambani, sisi tukimaliza anaingiza ng'ombe wake wale mabua. Akikosana na sisi, mahindi tutayabeba kichwani mpaka Krismasi.

Reveriani mgongo umemgomea tangu Pasaka. Kwa hiyo mwaka huu anayeongoza maksai ni mimi mkewe. Mimi ninayeogopa bata.

Mzee Ngollo kanielekeza. Diwani anakaa kulia, ukimweka kushoto anasimama kama mtu aliyetukanwa. Na wakiwa karibu na mahindi wafungwe mdomo. Nikamuuliza, hata wakipumzika? Akasema, "Mayu, hasa wakipumzika." Mayu ni mama, kwa Kisukuma chake. Nyavu zake za kuwafunga zimeliwa na panya. Nikadakia, nitasuka mimi. Hakuna aliyeniomba. Niliona tu wanaume wamekaa kimya nikahisi lazima mtu aseme kitu.

Jumatano, 11 Juni

Nimesuka. Vikapu viwili, vina matundu ya kupumulia, kamba ya kufungia nyuma ya pembe. Na nikatia mistari myekundu. Sikuweza kujizuia! Marehemu mama alinifundisha kusuka vikapu vya kupeleka zawadi harusini, mkono wangu haujui kusuka kitu kisicho na urembo. Sasa maksai wanapita njiani kama wanapeleka posa. Esperansi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kasimama na ndoo yake kuuliza bwana harusi ni yupi kati yao.

Kazi imeenda. Lakini Diwani ananitesa. Kila tukisimama kupakia anageuza kichwa kwenye rundo, anasukuma pua, kikapu kinamzuia. Anavuta harufu ndefu. Halafu ananitazama. Hana hasira, na hilo ndilo baya. Mtu akikukasirikia unajitetea.

Zizi tumelijenga mbele ya mlango wa jikoni. Jioni nimekula ugali nimewapa mgongo.

Alhamisi, 12 Juni

Niyokwizera kapiga simu. Binti yangu, yuko Tabora mjini, Chemchem, anashona nguo kwenye kibaraza cha Bi Zamda. Tangu akae mjini anajua mambo ya dunia. Juzi nilimtumia picha ya maksai na vikapu, nikingoja anisifu mistari.

— Mama, mmemfunga mdomo katikati ya chakula?
— Ndivyo wanavyofanya wote.
— Mnyama naye ana haki, mama. Huku mtu angewapiga picha akawaanika.
— Nimempiga mimi mwenyewe, nikakutumia wewe.

Akacheka, mimi sikucheka. Akamalizia, "Wewe ukipika si unaonja?" Kweli naonja. Reveriani kadandia mazungumzo kutoka kitandani na mgongo wake, anasema mama yako akionja nyama sisi tunakula mchuzi.

Usingizi umekuja kwa shida. Nimewaza ng'ombe. Watoto wangu wote wako hai, wana afya, mimi nimepata ng'ombe wa mtu wa kunihangaisha.

Jumamosi, 14 Juni

Jumuiya leo ilikuwa kwa Esperansi. Katekista Kornel katoa neno. Kasema zamani za mababu wa imani Mungu alikataza ng'ombe anayefanya kazi ya mavuno kufungwa mdomo. Jumuiya nzima ikanigeukia. Hata mtoto wa Esperansi aliyekuwa anachezea rozari akaacha.

Niliona joto mpaka masikioni. Mungu kashuka Ulyankulu kunisema mimi na mistari yangu myekundu.

Baadaye Kornel akaendelea kueleza kwamba maana yake ni watumishi wa kanisa nao wapate chochote kwenye mavuno, na kwamba gunia lake la mwaka jana halikujaa. Wenzangu walifika naye huko. Mimi nilibaki nyuma, nimekwama kwa ng'ombe.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Nilitaka kumuuliza padri. Foleni ya waliotaka kubarikiwa rozari ilikuwa ndefu, na nikafikiria nitaanzaje: Baba, nina swali la mdomo wa maksai. Nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimewafungua.

Nimefurahi kama nimefungua gereza. Diwani aliinamia hindi la kwanza, akalivunja taratibu, mate yakamwagika. Msafiri yeye alichukua moja akatosheka, akalala. Tabia ya mtu haifichiki. Kazi imekwenda polepole, kila hatua wanachuma, lakini nilitembea nimeinua kichwa. Esperansi kanipongeza mbele ya watu kisimani. Nikamjibu, "Ni neno tu, dada, tunajitahidi kuliishi." Sauti niliyoitoa ni ya sista. Sijui niliitoa wapi.

Reveriani kauliza, mzee Ngollo umemwambia? Nimesema nitamwambia.

Vikapu nimevitundika chini ya paa. Kuku kashaingia kimoja.

Jumanne, 17 Juni

Mchana niliwafunga kwenye mti karibu na uwanja wa kupukuchulia nikaenda kuinjika maharage. Kurudi, kamba ya Diwani imelegea. Yuko ndani ya mahindi yaliyokwisha pukuchuliwa, miguu ya mbele imezama kwenye punje, anakula amefumba macho.

Mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwita Reveriani aje aone mnyama anavyofurahi. Akatoka ameshika kiuno, akasema, mbona anakula kama anahama? Nikasema mwache, kavuta wiki nzima. Halafu nikaona ana kiu nikampelekea maji. Ndoo moja, akamaliza. Nikampa nyingine. Mama wa kila mtu.

Sasa jioni. Tumbo upande wa kushoto limepanda juu ya mgongo. Hacheui. Msafiri anacheua pembeni yake, yeye amesimama tu, anasaga meno. Najiambia ameshiba. Mimi nikishiba ubwabwa wa Krismasi huwa hivyo hivyo.

Hapana. Sijawahi kusaga meno.

Jumatano, 18 Juni

Naandika vipande vipande.

Kulipopambazuka nilikimbia kwa mzee Ngollo na kandambili mguu mmoja. Shikamoo yangu sijui kama ilitoka. Akaona uso wangu, akachukua chupa ya mafuta ya kula na kipande cha mti, hakuuliza kitu njia nzima. Nilitamani aulize.

Alimgonga Diwani tumboni kwa kidole. Lililia kama ngoma. Ndipo akasema:

— Nani kafungua mdomo?
— Mimi, mzee.
— Kwa nini?

Nikamweleza. Nikamweleza neno lote la jumuiya, na maneno ya Niyo, na kuonja. Yeye si Mkristo, anasikiliza mambo yetu kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Aliposikia mpaka mwisho akauliza:

— Mungu wenu alisema umpe uwanja mzima?
— Hakusema hivyo.
— Alisema na maji juu yake?

Nikaitazama ndoo, bado iko pale pale.

— Mayu, kikapu kile hakikuwa kwa ajili ya mahindi yako. Mahindi yako ale tu, ni mangapi? Kilikuwa kwa ajili ya tumbo lake. Ng'ombe kwenye punje hajui kuacha. Kikapu ndicho kinachomwachisha.

Hakunifokea. Angenifokea ningelia yakaisha. Wiki nzima nilidhani tunamfunga mdomo kwa choyo, na huruma ni yangu. Kumbe huruma ilikuwa imesukwa mle mle ndani, na mimi nimeiweka kuku atagie.

Tumemnywesha mafuta, mzee ameshika ulimi, mimi nimeshika chupa. Kipande cha mti tumemfunga mdomoni kwa kamba, atafune-tafune, upepo utoke. Upepo umetoka kidogo, ukanipata usoni. Nimeushukuru. Kisha tukamtembeza. Kwenda mpaka barabarani, kurudi. Kila akitaka kulala tunamsukuma. Bwana mifugo kapigiwa simu, yuko kwenye chanjo huko upande wa Urambo, anakuja na pikipiki.

Mzee Ngollo katika kutembea akawa anaongea na Diwani kwa Kisukuma, chini chini. Mimi akaniambia kwa Kiswahili kwamba hawa wawili wamekua pamoja, hakuna mwingine ambaye Msafiri anakubali kuvuta naye. Akifa huyu, yule ni nyama pia. Na mashamba ya wanawe bado yamesimama, hajatoa hata hindi. Alianza na sisi kwa sababu ya mgongo wa Reveriani.

Sikujua hilo. Laiti ardhi ingenimeza pale pale.

Wakaja watu. Habari ya ng'ombe mgonjwa haihitaji mjumbe. Esperansi kaja na beseni kalificha nyuma ya kanga, beseni la bluu, kubwa, kanga haikutosha.

— Pole mama Niyo. Si kwa ubaya. Akifa mwenyewe ni nyamafu, haliwi tena. Ni dhambi kupoteza.
— Bado hajafa, dada.
— Ndiyo nasema, kabla.

Na katekista Kornel kaja na kisu. Kwa tahadhari tu, kasema. Kisu kimenolewa, nimekiona. Nikamuuliza, na lile neno la ng'ombe je? Akasema, "Mama Niyo, lile nililieleza maana yake, wewe ulikuwa unasikiliza wapi?"

Nilikuwa nasikiliza nusu ya kwanza.

Mzee Ngollo akawageukia, akasema, huyu bado ana macho, rudini majumbani. Wamerudi nyuma mpaka kwenye ua. Wamekaa hapo kivulini, mabeseni yakiwa matatu sasa.

Saa saba mchana. Diwani amelala.

Amekunja miguu taratibu kama mzee anayekaa kwenye kigoda, akajitupa. Tumesukuma, tumevuta mkia, hapana. Mzee Ngollo anasema akilaza na kichwa basi. Asimame mpaka pikipiki ifike, hakuna njia nyingine.

Kaniambia nilete nira.

Nikauliza, ya nini? Avute tena? Akasema Diwani tangu udogo anainuka kwa nira. Ikikaa shingoni, Msafiri akiinuka upande wake, mwili wa Diwani unasimama kabla mwenyewe hajafikiri. Wanaume wawili, yeye mzee na Reveriani, watapitisha mti chini ya tumbo wainue. Reveriani na mgongo ule! Nimekataa, Reveriani kanitazama tu, ameshavua shati. Mana yanje, Mungu wangu.

Kwa hiyo wa kukaa mbele ni mimi. Nitoe ile sauti ya kuwaamrisha kuvuta, na nipige. Mzee kasema:

— Kwa nguvu, mayu. Shingoni, hapa. Ukimpapasa, amekufa.

Nimeingia ndani kutafuta fimbo. Nimeipata, ilikuwa inashikilia dirisha. Na badala ya kutoka nimekaa kizingitini naandika. Ng'ombe wa watu anakufa, mwanamke kachukua kalamu! Herufi zimelala kama Diwani mwenyewe. Najua namngojea bwana mifugo. Natega sikio nisikie pikipiki. Barabarani kimya.

Nira imeshakaa. Msafiri amesimama tayari, ananyanyua upande wake, shingo ya Diwani imepinda kwa uzito. Wanaume wameshika mti huku na huku. Esperansi ameacha beseni lake, amekuja kushika mkia.

Mzee Ngollo anaita. Mayu, sasa.

Diwani amegeuza jicho huku mlangoni. Ameona mkono wangu umeshika kitu. Anasogeza mdomo — anadhani ni hindi.