Seva Ndani ya Debe la Unga

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mwalimu Oyoo wa kwaya ya kanisa ameniletea katoni ya sabuni. Ndani – diski tatu kuukuu, flashi kumi na moja, memori kadi kwenye bahasha, na rekoda ndogo isiyo na mfuniko wa betri. Miaka ishirini na tano ya kwaya yetu! Diski kubwa ukiiwasha inalia tik, tik, tik. Inakufa. Nilipomwambia akakaa kwenye kiti cha wateja. Kisha: Akoth, nyimbo hizi zikipotea, hata mimi nimepotea.

Mwezi ujao ni sherehe ya kwaya. Anataka nyimbo zote mahali pamoja, kila mwanakwaya azisikize kwa simu yake. Nikasema nitamtengenezea seva. Nikasema tu! Mimi ni fundi wa laptop na simu. Nimefufua simu zilizoanguka chooni. Seva sijawahi. Lakini ni nini hasa? Kompyuta isiyolala, kazi yake kutunza na kugawa. Basi.

Halafu siwezi kumkatalia huyu mtu. Nikiwa kidato cha pili alinipa laptop mbovu, akaniambia fungua uone mna nini. Sijaacha kufungua vitu tangu siku hiyo.

Jumanne, 4 Februari

Bodi ninayo – ya laptop yangu ya zamani, kioo kilipasuka lakini betri bado ina nguvu. Stima zikipotea itajishikilia saa mbili. Diski mbili nzima ninazo pia. Kila kitu kitaandikwa mara mbili, moja ikifa nyingine ibaki.

Sasa zikae wapi? Nimejaribu hotpot ya chapati. Vipimo sawa kabisa! Mama akasimama mlangoni, akauliza: hiyo si imetengenezwa kuweka moto? Na wewe si unalalamika vitu vyako vinashika moto?

Kumbe. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jioni nikaliona debe chini ya kitanda. La bati, la mraba, mfuniko wa bawaba. Mama alikuja nalo kutoka Ugunja mwaka alioolewa. Siku hizi tunanunua unga wa pakiti, debe limebeba mifuko ya plastiki tu. Nikaomba. Akalipangusa kwanza, kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Nyathina, mwanangu, usilitoboe sana.

Alhamisi, 6 Februari

Nimelitoboa sana.

Gikonyo, fundi wa majiko hapa Kianda, amelikata madirisha mawili. Moja la hewa kuingia, moja la kutoka, nyuma ya feni. Aliuliza kama ni nyumba ya sungura. Nikamwambia ni ya nyimbo. Akaniangalia, akaendelea kukata.

Nikafunga kila kitu, nikawasha. Feni ikazunguka – na unga wa miaka thelathini ukanipuliza usoni! Wueh! Ulikuwa umejificha kwenye mikunjo ya bati. Mama alicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikaosha, nikaanika juani, nikaanza upya. Mara ya pili, cheche. Mguu wa bodi uligusa bati. Nilidhani nimeiua. Nimekata jerikeni ya mafuta ya kupikia, nikalitandika debe lote kwa ndani. Chini ya diski nimeweka vipande vya ndara zangu za zamani, zisitetemeke. Sasa ukiweka sikio kwenye mfuniko unasikia mngurumo mdogo. Kama paka.

Jumamosi, 8 Februari

Linafanya kazi lakini halionekani! Waifai haitoki. Asubuhi nzima nimebadilisha mipangilio, nimesoma, nimetukana. Saa nane ndipo nikafikiria – bati. Bati linameza mawimbi. Nikatoa rauta nje, nikaiweka juu ya mfuniko, waya mmoja tu ukaingia ndani.

Ikafunguka. Kwa simu ya Mama! Akagusa wimbo wa kwanza, ukaimba. Akaenda kuosha vyombo nao, akiyagonga masufuria kwa mapigo yake.

Jumapili, 9 Februari

Nimekosa ibada. Nilikuwa nanakili diski inayokufa, nikaogopa kuiacha. Imetoa karibu yote. Kisha nikahamia kwenye rekoda.

Ninachopenda si nyimbo zenyewe. Ni kabla ya wimbo. Mwalimu alikuwa anawasha mapema na kuzima amechelewa. Kwa hiyo kuna viti vikiburutwa, mtu akikohoa, mtu akiuliza nani amekula ndizi yangu. Nimesikiza saa tano!

Halafu faili moja ya Agosti 2009. Sauti ya mwanamke, peke yake. Anafundisha wimbo mstari kwa mstari. Ni "Maji ya Kiunoni". Ule ule! Unaoimbwa kila harusi na kila matanga, na kwenye jalada la kanda ya kwaya imeandikwa Mtunzi: Mwalimu Oyoo.

Mwalimu yuko kwenye rekodi. Lakini yeye ndiye anayefundishwa! Anauliza, hapa kwa "kiunoni" sauti inapanda? Mwanamke anacheka. Inashuka, Mwalimu. Mtu aliye ndani ya maji hapandishi sauti, anaweka pumzi. Mwalimu anasema, sawa Nasike, tena. Mwisho kuna mtoto mchanga analia, rekodi inakatika.

Nasike ni nani? Niliingia kwaya 2016. Sijawahi kusikia jina hilo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemuuliza Mama. Aliendelea kuchambua mchele.

Nasike alikuwa na sauti kuliko wote, akasema. Akapata mimba bila bwana. Wazee wa kanisa wakamweka chini ya nidhamu – asisimame na kwaya, akae nyuma. Akazaa, bado nyuma. Kwaya inaimba mbele, yeye yuko benchi la mwisho na mtoto. Siku moja hakuja tena.

Na wimbo, je?

Wimbo gani? Wimbo ni wa Mwalimu, kila mtu anajua.

Sikumwambia. Halafu yeye mwenyewe akaongeza, kwa sauti ndogo: hata mimi sikumfuata nyumbani kumuuliza.

Jumatano, 12 Februari

Mwalimu amekuja kuona. Amelizunguka debe mara tatu. Amechungulia kwa dirisha la feni. Unga unakaa humu? Nikamwambia unga ulihama. Alipofungua orodha kwa simu yake mwenyewe alipiga makofi kama mtoto. Alinionyesha karatasi ya sherehe, nyimbo kumi na mbili na watunzi wake, nimpigie chapa. Namba tatu – "Maji ya Kiunoni", Mwl. Oyoo.

Faili ile nilikuwa nimeiita "Nasike anafundisha". Kidole chake kikafika pale. Kikasimama. Akaibonyeza.

Alisikiza mpaka mwisho, mpaka mtoto. Akavua miwani.

"Hii futa."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Ni mazoezi tu, Akoth. Watu hawataki mazoezi."

Amebeba karatasi yake, ameondoka bila kuaga. Mwalimu, ambaye huaga hata mbwa!

Kufuta ni kubonyeza mara mbili, na mara moja kwenye rekoda. Diski zote mbili zinasahau kwa pamoja – ndivyo nilivyozitengeneza mwenyewe. Nimekaa mbele ya debe. Sijabonyeza.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempata! Si kazi kubwa. Nimeuliza tu wamama wa zamani wa kanisa. Yuko Kawangware, Gatina, anashona chini ya ngazi za ghorofa moja ya kukodisha. Nimeenda na suruali yenye zipu mbovu.

Mwanamke mwembamba, sindano mbili kwenye kola. Alichukua suruali, akaanza kufumua kabla sijakaa. Nikajikaza nikasema mimi ni wa kwaya ya Mwalimu Oyoo, nimeisikia sauti yake kwenye rekodi ya 2009. Mkono haukusimama. Akasema, "Hiyo kitu bado iko?"

"Iko. Unamfundisha Mwalimu 'Maji ya Kiunoni'."

"Wimbo ulishaenda, msichana wangu. Wacha watu waimbe."

Nilidhani yameisha. Akaweka zipu mpya, akakata uzi kwa meno. Ndipo akauliza bila kuniangalia, "Kuna mtoto analia humo?"

"Mwisho. Kidogo tu."

Akaweka suruali magotini. Gari la maji likapita, akangoja kelele ziishe. "Huyo ni Vincent wangu. Hakumaliza miaka miwili. Sikuwa na simu wakati huo. Hata picha sina."

Niliona aibu kwamba sikumbebea ile sauti. Nilikuwa nimeogopa kumsikizisha kabla hajasema anataka. Akasema atakuja kuisikia, nimwambie lini. Nilipofika barabarani akaniita nirudi, suruali nimeisahau.

"Na hapo kwa mtunzi. Ameandika nani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia suruali.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeenda kwa Mwalimu. Sikupanga maneno. Nimesema: sijafuta, na jana nimeonana na Nasike.

Alikuwa akimenya viazi. Akamaliza kimoja, akamaliza cha pili. Halafu akaanza kuzungumza akiangalia maganda. Ati jina la mtu aliye chini ya nidhamu lisingekubaliwa kwenye kanda. Ati wimbo ungekufa. Aliweka lake kwa muda tu, mpaka mambo yapoe. Mambo yakapoa, Nasike hayupo, na watu wameshamzoea yeye. "Nikaanza kuzoea pia," akasema.

Nilitaka kukasirika. Nimekasirika. Lakini ni yeye pia aliyeiweka ile rekoda miaka kumi na tano bila kufuta. Kwa nini? Nilimuuliza. Akachukua kiazi cha tatu.

Nikiwa mlangoni akasema: mlete. Mlete na debe.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nikiwa nje kwa Mwalimu, kwenye ngazi, daftari juu ya magoti. Saa tano asubuhi.

Nilibeba debe kwa kichwa toka kwetu, watu wakiniuliza nauza nini. Nasike akaja na boda. Amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi. Mlangoni walisalimiana kwa mkono, kama watu wa ofisi. "Umezeeka, Mwalimu." "Wewe pia hujaachwa." Nikawasha, nikamwonyesha Nasike pa kubonyeza kwenye simu yangu. Akasema sasa utusubiri nje, msichana wangu. Mlango ukafungwa.

Nasikia kupitia kwa mabati. Sauti ya zamani ya Nasike ikifundisha. Kicheko. Kisha mtoto.

Wameirudia. Mtoto tena. Wamerudia ile sehemu ya mwisho pekee, mara ya tatu, mara ya nne. Feni inanguruma, debe linafanya kazi vizuri. Sasa hakuna rekodi – ni watu wanaongea. Nasike anasema kitu kirefu, sauti ya chini, siipati. Nasike anasema tena. Kiti kimeburutwa.

Mtu analia. Si Nasike.

Mlango umefunguliwa kidogo. Mwalimu. Macho mekundu, miwani mkononi, na ile karatasi ya nyimbo kumi na mbili na watunzi wake. Anauliza kama nina kalamu. Sina nyingine ila hii ninayoandi–