Mbegu za Bibi wa Mishamo

Dada Pili,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika.

Jana nilikuwa nakatiza Mishamo kwa miguu ili nisilipe bodaboda: begi mgongoni, mkeka umefungwa juu yake, sufuria ikining'inia. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi akatupa jembe, akaja barabarani mbio. Shikamoo yangu hakuijibu. Alitazama nyuma yangu, akauliza, "Wengine wako wapi?"

Nikamwambia niko peke yangu.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna, bibi. Natembea tu, naona nchi."

Akanishika mkono kama mgonjwa, akanipeleka kwake, akanipa ugali wa muhogo na maharage, akakaa kuniangalia nikila. Yeye aliingia pale Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa binti, akikimbia vita Burundi, na sufuria mgongoni vilevile. "Usiogope kusema," akaniambia. "Hata sisi tulipokelewa."

Nilieleza mpaka nikachoka. Kila nilivyozidi kueleza, nilijiona mwongo. Wakati naaga akanifungia maharage ya mbegu kwenye kitambaa. "Utapanda ukishafika."

Dada, siku naondoka uliniuliza nakimbia nini, nikakucheka. Sasa nimekaa stendi ya Mpanda na mbegu mapajani, mkata tiketi ananiuliza naenda wapi, na mimi nakifungua na kukifunga tena kile kitambaa.

Wabusu watoto. Halafu lile tuta la nyuma ya jiko, usipande kitu kwanza.

Mdogo wako,
Rehema