Shangazi, Usikie Kwangu Kuhusu Filamu Ile

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Mimi ni mzima, nakula vizuri na nalala fofofo.

Najua umbeya umeshafika huko kabla ya barua yangu. Umeambiwa binti wa kaka yako kacheza filamu chafu. Wewe ndiye uliyenikalisha chini ukanifundisha mambo ya kikubwa, kwa hiyo sitapindisha maneno.

Ni filamu ya mapenzi na ya kutisha. Watu wazima wanajitolea kujaribiwa dawa mpya hospitalini. Dawa inawawasha mapenzi kama homa, na kila wanayembusu haamki tena. Mimi ndiye muuguzi ninayewapa vidonge huku nikijua. Usicheke, natisha kweli! Fedha hazikuwepo, basi hospitali yetu ilikuwa ghala la samani, na damu tuliichemsha wenyewe kwa sukari na rangi. Nzi walitupenda kuliko watazamaji.

Mwongozaji tulimwita Bwana Kata, maana kila dakika anapaza "Kata!" kusimamisha kamera. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani alikuwa dada mmoja wa rika langu, tuliyempa jina Chiriku kwa kuongea kwake. Mpenzi wake kwenye filamu alikuwa Bondia, ambaye aliacha ngumi zamani na ni mpole kama pamba. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba kitandani watafunikwa shuka.

Siku ya kupiga picha za sehemu hiyo, Bwana Kata akataka shuka litolewe. Akasema watu hawaji kutazama matandiko.

Chiriku akanyamaza. Shangazi, Chiriku kunyamaza! Nikaona vidole vyake vimeng'ang'ania pindo la shuka. Nikavuka chumba, nikaketi miguuni pake.

"Shuka halitoki," nikasema.

"Wewe ni muuguzi, si wakili," akanijibu Bwana Kata. "Wa kuchukua nafasi yako wamejaa tele."

"Waite. Lakini sura yangu tayari iko kwenye nusu ya filamu. Utawaambia watazamaji dawa imenibadilisha pua?"

Mama wa kamera akacheka, kisha akaizima kamera yake na kukunja mikono. Bondia naye akavaa shati. Sijawahi kupata nafasi kubwa kama ile, lakini sikuinuka. Bwana Kata akatoka, akazunguka ua, akarudi kapoa. "Haya, mtafanyaje?"

Bondia akamuuliza Chiriku, "Mkono wangu niuweke wapi?" Chiriku akamwonyesha. Wakacheza hivyo hivyo, wamefunikwa, wananong'ona na kucheka, shuka likipanda na kushuka kwa pumzi za wawili. Halafu upande mmoja ukatulia.

Basi, hakuna sehemu iliyotisha kama hiyo. Ukumbini, mwanamume aliyekaa mbele yangu alijifunika uso kwa kofia, mkewe ikabidi amshike mkono.

Sasa nije kwa kaka yako. Baba alininunia tangu alipoona bango: mimi, midomo myekundu, sindano mkononi, limebandikwa mkabala na cherehani yake! Nilimwachia Mama tiketi ya mumewe, sikumbembeleza. Alhamisi nikamwona safu ya nyuma, mikono kifuani. Taa zilipowaka, hayupo.

Jana akaja hapa. Akasimama mlangoni, hataki kiti.

"Lile gauni la muuguzi limekubana mabegani," akasema. "Nani alishona?"

"Tuliazima, Baba."

"Hata mkono umepinda. Filamu ijayo uniambie mapema."

Kisha akaketi, akaomba chai.

Kwa hiyo akikupigia simu akajifanya bado ana hasira, usimwamini hata kidogo.

Wasalimie binamu zangu wote, na fundi redio jirani yako. Bibi mwambie nacheza filamu, lakini usimwambie ipi. Mungu akulaze salama, akuamshe na nguvu, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kucheka mpaka mbavu ziume.

Ni mimi, nikupendaye leo na siku zote,
Binti wa kaka yako