Vibao vya Mkunazi kwa Kina Kou

Jumanne, 11 Machi

—na Mzee Dang, mpiga ngoma na mkuu wa kundi la nyimbo, kaniwekea vibao mapajani. "Shika." Mbele ya watu wote pale bustanini, chini ya ukuta wa mji.

Bi Lan ndiye mpigaji siku zote. Kaanguka ngazini, mkono uko kwenye plasta. Kaja hivyo hivyo kusikiliza. Kasema, "Mpe Ma Mdogo. Miaka yote hii anakaa pale kusikiliza, mguu wake haujakosa pigo. Mimi simtazami mtu, namtazama mguu." Ma Mdogo ni mimi. Jina langu, Makame, limewashinda Wachina.

Nikapiga. Vibao viwili tu vya mkunazi, kirefu na kifupi. Lakini bila hivyo nyimbo za huku Xi'an hazisimami. Zeze linalia, mwimbaji anapaza mpaka mishipa inamtoka shingoni, we kazi yako moja — tok. Ukiteleza wote wanaanguka.

Hawakuanguka!

Nimechelewa mgahawani. Haji Ma, bosi wangu, kasema tambi hazijivuti zenyewe. Halafu kamhadithia kila mteja aliyeingia.

Jumatano, 12 Machi

Jumapili kina Kou wanamaliza miaka mitatu ya msiba wa baba yao. Shughuli kubwa kuliko maziko yenyewe. Asubuhi nguo nyeupe na kilio. Mchana wanavua, wanavaa nyekundu, msiba umekwisha, nyimbo za furaha. Kundi letu limealikwa. Nimeandika letu.

Ila Kou mkubwa, mwana wa kwanza, kaja bustanini. "Mjomba Dang, mgeni huyu tusimchukue. Watu watamtazama yeye, simu juu, baba watamsahau. Hii si sarakasi."

Kasema kwa adabu. Ndiyo maana imeuma. Na kweli, hata kwenye basi wananipiga picha.

Mzee Dang kamjibu, "Baba yako alikuwa akisikiliza kafumba macho. Wewe masikio umeyaweka wapi?"

Kou kasema atafikiri.

Ijumaa, 14 Machi

Kou kaja mgahawani. Kaagiza supu ya kondoo, kapewa mkate wake aumege mwenyewe bakulini kabla ya kupikiwa. Kamega mapande. Haji Ma kamrudishia bakuli. "Unamlisha ngamia? Mega vidogo, ndugu yangu, au sipiki." Ikabidi akae, anamega tu. Kaniita.

"Wimbo wa baba unaujua?"

"Naujua. Mwimbaji akishusha pumzi, vibao vinasubiri."

"Vinasubiri kiasi gani?"

Nikachukua vijiti vya kulia, nikampigia mezani. Nikasubiri. Nikapiga. Kaacha kumega.

"Njoo," kasema. "Ila ukae nyuma ya ngoma. Na ufunge kitambaa cheupe kichwani kama sisi."

Kama sisi! Huku kitambaa hujifungi mwenyewe wala hujifungui. Wenye msiba ndio wanakufunga, na ndio wanakufungua.

Jumapili, 16 Machi, kijijini kwa kina Kou

Naandika nyuma ya turubai. Watu wanakula.

Asubuhi simu zilipanda kweli. Kijana mmoja kazunguka ngoma apate uso wangu. Nikainama, nikafumba macho. Wimbo wa marehemu ukafika pale pa kusubiri. Nikasubiri. Nikapitiliza — Bi Lan hasubiri hivyo. Nikajua nimeharibu. Mzee Dang kanigeukia, fimbo za ngoma ziko hewani. Ndipo mjane, bibi wa watu, katoa sauti moja tu, ya chini. Nikapiga. Watoto wote wa marehemu wakapiga magoti. Nilipofumbua macho, sikuona simu hata moja.

Baadaye Mzee Dang: "Nani kakufundisha kuchelewa?"

"Hakuna."

"Bustanini usirudie. Hapa ilikuwa sawa."

Hajawahi kumwambia mtu sawa. Bi Lan kasema yeye mwenyewe kangoja miaka na hajaambiwa. Laiti mama yangu angekuwepo leo.

Sasa wanavuliwa nyeupe, mmoja mmoja, wanafungwa nyekundu. Mimi bado nyeupe, nilidhani wamenisahau. Lakini namsikia Kou mkubwa jukwaani: "Ma Mdogo yuko wapi?" Na mjane anamkemea, "Usiite kama unaita mbuzi. Mfuate." Kou kashika kitambaa chekundu, anakuja huku, umati mzima nyuma yake. Mzee Dang kakaa kwenye ngoma, hagusi kitu. Inabidi niende, maana wimbo wa furaha unaanza na vibao, na vibao ninavyo mimi