Kosa Lililonyamazishwa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute umekaa, tena umekaa vizuri, maana barua hii haisomwi na mtu aliyesimama kaunta huku jicho moja liko kwa mteja. Mimi ni mzima. Goti hunikumbusha umri wangu kila nipandapo ngazi, lakini kichwa bado kinafanya kazi, na leo kinafanya kazi kwa hasira. Natumaini wewe, wifi yangu na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha wifi kimeanza kumwachia usingizi. Mwambie aendelee kujifukiza, asikusikilize wewe unayejua dawa za kila mtu isipokuwa zako.

Juzi uliponipigia simu nilikuacha useme mpaka mwisho, kisha nikakuambia nitakujibu kwa maandishi. Ulicheka, ukasema dada amezeeka. Sijazeeka kiasi hicho. Ningekujibu palepale ningetoa maneno ambayo dada hapaswi kumtolea mdogo wake, na isitoshe wewe kwenye simu husikilizi. Unangojea tu mwenzako avute pumzi ili uingie.

Ulisema mambo mawili. La kwanza, kwamba yule fundi wa kompyuta uliyemwita baada ya aibu ya siku ile amekuwekea programu safi kabisa dukani, programu ya watu wazima. La pili, kwamba binti yako amekwisha kupumzika vya kutosha hapa kwangu, nimrudishe, akae mapokezi awapangie wateja fremu za miwani, na hayo mambo ya kuandika programu awaachie wanaoyaweza. Wanaoyaweza! Tangu juzi neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na silimezi wala silitemi mpaka nimekueleza yote.

Alipofika mlangoni kwangu, binti yako alikuwa na begi moja na kompyuta yake aliyoifunga kwenye taulo kama mtoto mgonjwa. Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Aliipandisha kompyuta juu ya kabati, akaniuliza ufagio uko wapi, akaanza kufagia nyumba ambayo nilikuwa nimeifagia asubuhi. Huyu ndiye tuliyempa jina la Bibi Maswali, aliyekuwa akimfuata baba yetu mpaka mlango wa choo akimwuliza kwa nini saa inazunguka kulia. Siku zile hakuuliza kitu. Nilimpa chakula, akala. Nilimwambia kalale, akalala. Ukimya wa mtoto kama yule unatisha kuliko kelele za kumi wa aina nyingine.

Habari nilimdondoa neno kwa neno. Nikajua kwamba ulimwalika mbia wako na mkewe waje waione programu mpya aliyokuandikia, ukakaa mwenyewe kwenye kiti, ukaandika vipimo vya macho ya yule mama, ukabonyeza kitufe cha kutuma ili agizo liende chumba cha nyuma kwa mkata lenzi. Pakawa kimya. Ukabonyeza tena. Ukabonyeza tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Dirisha la programu likaganda, likawa jeupe. Kisha likazinduka, na mashine ya kuchapia kule nyuma ikaanza kutapika karatasi, mpaka mkata lenzi akatoka na rundo mkononi akauliza, kwani huyu mama ana macho mangapi? Tena hakuna karatasi hata moja iliyotaja aina ya lenzi. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Uligeuka ukamwambia mwanao, mbele ya mbia, mbele ya mkewe, mbele ya wateja waliokuwa wakijaribu fremu, kwamba kama aibu ingekuwa fani yeye angekuwa na shahada yake.

Nilipolisikia hilo niliondoka sebuleni nikaenda kusimama uani. Kisha nikarudi, nikamwambia aishushe ile kompyuta, tuone.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nimefundisha watu wengi kuandika programu, na nakuambia bila kumpendelea kwamba sikukuta pale kosa lolote ambalo sijaliona kwa kila anayeanza. Nikueleze, na usiruke mistari.

La kwanza ni la orodha ya lenzi. Programu yake ilikwenda kuitafuta orodha hiyo ndani ya folda iliyo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ni sawa na kumtuma mgeni chumvi, ukamwambia iko rafu ya pili mkono wa kushoto: jikoni kwako ataipata, jikoni kwa jirani atashika sabuni. Kwenye kompyuta yake kila kitu kilikwenda vizuri. Kwenye ile ya duka folda hiyo haikuwapo, orodha ikaja tupu. Dawa yake ni kuiambia programu itafute orodha pale pale ilipowekwa yenyewe, popote pawapo, kisha kuijaribu kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kila anayeanza huanguka hapa. Mimi nilianguka hapa.

La pili ni lile dirisha kuganda. Lichukulie dirisha la programu kama mhudumu mmoja wa kaunta: ndiye anayepokea kila unachobonyeza na ndiye anayekuchorea unachokiona. Binti yako alimtuma mhudumu huyohuyo stoo akapekue kumbukumbu za wateja wote wa miaka yote. Kaunta ikabaki bila mtu. Wewe ukabonyeza, na kila ulipobonyeza uliacha agizo juu ya meza. Aliporudi akayakuta, akayatimiza yote, kama mtumishi mtiifu. Ndiyo maana ya yale macho mengi ya yule mama. Dawa ni kumpeleka msaidizi mwingine stoo, mhudumu abaki mahali pake, na kile kitufe kizimwe mpaka kazi iishe. Ni jambo la nusu siku kwa mtu aliyeelekezwa.

Hayo mawili hayakunishangaza. La tatu ndilo lililonifanya nivue miwani na kuifuta. Kila mahali ambapo programu ingeweza kukwama, binti yako alikuwa ameiagiza inyamaze. Orodha haipo, nyamaza. Kipimo hakikuandikwa, nyamaza. Mashine ya kuchapia haijibu, nyamaza, endelea kana kwamba mambo ni shwari. Wanaoanza hufanya hivyo kwa uvivu, lakini yeye si mvivu. Alikuwa ameyanyamazisha makosa kwa uangalifu, moja baada ya jingine, kama anayezima taa za nyumba kabla ya safari. Programu inayonyamazia kosa ni hatari kuliko inayoanguka, kwa sababu inayoanguka angalau umeiona imeanguka. Nilimwuliza kwa ukali kidogo, mwanangu, hili nani alikufundisha?

Akaangalia vidole vyake. Akasema, Shangazi, ni Baba.

Akanieleza kwamba alipokuonyesha programu mara ya kwanza nyumbani, ilitoa ujumbe kwa herufi nyekundu kwamba kipimo kimoja hakijaandikwa. Nawe ukamwambia hutaki kuona maneno ya makosa kwenye duka lako, kwamba mteja akiyasoma ataona tunababaisha, kwamba yaondolewe yote. Akajaribu kukueleza, ukamwambia usinibishie. Akaomba basi aje aijaribu dukani siku ya mapumziko, ukajibu duka si uwanja wa michezo. Akakutii. Mdogo wangu, mtoto alikutii, kisha ukamwadhiri kwa matunda ya utii wake!

Najua ulikoyatoa. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na mwiko wake: mbele ya mgeni hakuna aliyekosea. Chai ikimwagika, haikumwagika. Mchuzi ukiungua, ndivyo tunavyoupenda. Unakumbuka siku paka alipoangukia bakuli la wageni, sote tukaendelea kuzungumza habari za mvua? Ulikuwa mwiko mzuri kwa sebule, na ulitufundisha kutowadhalilisha wenzetu. Lakini sebule ni sebule na kazi ni kazi. Mtu anayengojea miwani ya kuendeshea gari hana haja na heshima ya nyumba yetu. Ana haja ya kujua kama namba ya jicho lake imeandikwa. Na kama uliushika mwiko wa Mama, mbona hukuushika wote? Ulificha kosa la mashine, la mtoto ukalipigia mbiu.

Sasa nifike kwa fundi wako, unayemsifu.

Huyo fundi ni mtu mwungwana. Ulimwambia aifute programu ya kitoto aandike nyingine. Kabla ya kuifuta aliifungua aione, akaona kazi ya mtu anayejua anachofanya lakini aliyekosa wa kumshika mkono. Akatafuta namba ya mwandishi kwenye kile kidirisha kidogo kinachosema programu imetengenezwa na nani, akampigia binti yako. Wakati huo binti alikuwa na mimi mezani, makosa tumekwisha kuyarekebisha yote: orodha inapatikana, dirisha haligandi, na kila kosa linasema jina lake kwa lugha ya mtu, siyo ya mashine. Akamtumia. Fundi akaiweka dukani. Hakuandika mstari hata mmoja. Mambo ya malipo yake mtajuana wenyewe.

Ndiyo. Programu ya watu wazima ni ya Bibi Maswali. Ule ujumbe ulioniambia juzi kwamba umekufurahisha, unaosema "Samahani, jicho la kulia halina kipimo, tafadhali kiandike ndipo tuendelee", ukaniambia hiyo ndiyo adabu ya kitaalamu, ni yeye aliyeuandika akiwa amekaa kwenye kiti changu cha kusukia nywele. Aliniuliza kama "samahani" inafaa. Nikamwambia inafaa sana.

Na usiseme umefichwa. Fundi alikuambia. Alisimama mbele yako, mkata lenzi akisikia, akasema programu ni ileile, imerekebishwa na binti yako mwenyewe aliyeiandika, mpongeze. Nimempigia mkata lenzi kuhakikisha. Anasema ulikuwa na simu sikioni, ukainua mkono, ukasema sawa sawa, asante, tutaonana.

Hapa ndipo napata ugumu wa kuandika, nawe sasa soma polepole. Fundi alimjulisha binti yako kwamba amekuambia, na kwamba umesema asante. Kwa hiyo yeye anaamini kuwa unajua. Tangu siku ile anazunguka na simu yake mfukoni, hata bafuni anaingia nayo. Uliponipigia alikuwa hapa, akaacha kukunja nguo. Tulipomaliza akaniuliza, Baba anasemaje? Nikamjibu kwamba umesema programu ni safi kabisa. Akauliza, basi? Nikasema basi. Akacheka, mdogo wangu, mara ya kwanza tangu aje. Akaenda kuosha vyombo huku akiimba, na anaimba vibaya kama wewe. Sikumwambia kwamba hukujua unamsifu nani. Sikumwambia habari ya mapokezi. Mimi niliyetoka kumgombeza kwa kunyamazisha makosa nimelinyamazisha kubwa kuliko yote, na kila nimwonapo anaitazama ile simu naona aibu.

Kwa hiyo sikuombi, nakuambia kama mkubwa wako. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Mwambie ulikuwa hujui, na kwamba sasa umejua. Usijifanye ulijua tangu mwanzo, maana atakushukuru kwa uongo, nami sitauvumilia. Halafu mbia wako na mkewe wakija kuchukua miwani yao, umtaje kwa sauti ileile uliyomtukania, pale pale penye kile kiti, mkata lenzi akiwapo. Ukimnong'oneza jikoni nitajua, wifi ataniambia. Na kuhusu kumrudisha: simrudishi mtu kukaa mapokezi. Fundi amemwomba wafanye kazi pamoja. Hajampa jibu. Anasema anangoja kwanza kusikia kama duka la baba yake linamhitaji. Jibu la swali hilo liko kwako. Nakupa mpaka barua hii ikufikie na siku moja ya kuikasirikia. Baada ya hapo nitamweleza kila kitu mwenyewe, kwa kinywa changu, na utakayempoteza hutampata kwa fundi yeyote.

Msalimie sana wifi yangu, na wadogo wote nyumbani. Mkata lenzi mwambie nimemshukuru kwa kusema kweli. Mungu akulinde, akufungue na masikio.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda, na ambaye bado nimekasirika.