Mwenye Kofia ya Njano Ni Mimi

Mtaa wa Seminary,
Chicago, Illinois.
Jumanne, 19 Agosti 1986

Mpendwa wifi yangu Ardith,

Salamu nyingi sana, na kabla sijasema lolote, u hali gani? Goti linakusumbua bado? Natumaini majani ya ng'ombe yamekwisha kukatwa na kufungwa kabla ya mvua, na kwamba Mama Hulda amepona kile kikohozi chake. Mimi sijambo. Joto la mwezi huu limetuchosha wote hapa mtaani na miguu yangu huvimba kila jioni, lakini mtu wa miaka sitini na saba akilalamikia miguu atachekwa.

Barua yako imenifika jana. Mistari minne tu, wifi, wewe ambaye hujaza kurasa sita ukieleza ndama mmoja alivyozaliwa! Unasema wiki iliyopita televisheni ilirudia picha za besiboli, za mpira wa kwanza wa mwanao Vernon kuvuka ukuta, ule wa Juni uliokupita ukiwa shambani, na ukamwona bibi mwenye kofia ya njano akiudaka, kisha akautupa tena uwanjani kama ganda la ndizi. Unauliza kama bibi yule ni mimi. Niliisoma nimesimama jikoni, halafu nikatafuta kiti.

Ni mimi, Ardith.

Tafadhali usiichane barua hii. Ndani ya bahasha kuna tiketi ya Jumamosi, tarehe 13 Septemba, siku ambayo timu ya Vernon inarudi kucheza hapa kwetu. Nataka uje. Najua umeapa hutakanyaga uwanja ule. Kazimir alikuomba kila kiangazi kwa miaka zaidi ya thelathini, na kila kiangazi ukamjibu kwamba ng'ombe hawana likizo. Sasa kaka yangu amelala kaburini, na wewe unaona hakuna maana tena. Tena unaogopa kumsikia mwanao akitukanwa na watu elfu thelathini na tano. Nakuelewa. Lakini nisikilize kwanza, ndipo uamue.

Nianze na safari, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Nitakupokea stesheni mwenyewe. Asubuhi ya mchezo tutapanda treni ya mtaani, na pale uwanjani hutahitaji kuuliza njia. Milango ikifunguka shuka na umati, utabebwa kama kijiti kwenye mfereji. Shika mkoba mbele ya tumbo. Lazima tufike saa mbili kabla ya mchezo, kwa kuwa mabenchi yetu nyuma ya ukuta wa kushoto hayana namba. Ukitandika gazeti mahali, hapo ni pako, na atakayeligusa ataisikia kutoka kwangu.

Beba sweta hata kama jua linachoma. Upepo wa ziwa hauna urafiki na mtu. Na ukishakaa, kitu cha kwanza tazama bendera. Zikielekea uwanjani, hakuna mpira utakaofika kwetu siku hiyo, kula karanga zako kwa amani. Zikielekea kwetu, weka karanga chini.

Halafu kuna zile ngazi. Hili Kazimir hakuwahi kukueleza vizuri kwa sababu alikuwa analia akijaribu. Utapanda ngazi za saruji zenye giza na harufu ya bia iliyomwagika, huoni kitu ila migongo ya watu, na ghafla unatokea juu, na chini yako ni kijani. Kijani kitupu, Ardith, katikati ya matofali na masizi ya mji huu. Nimepanda ngazi zile miaka arobaini na mmoja na bado kila mara husimama pale juu nikashindwa kupumua. Watu wa nyuma hunisukuma na kuninung'unikia. Siwajali. Siku niliyomzika mume wangu sikwenda kanisani jioni, nilikwenda pale, na uwanja ulikuwa mtupu, na nikapata nguvu.

Kuhusu chakula, nunua soseji kwa yule mzee wa lango la kati. Ila nakusihi, usiombe tomato sosi juu yake! Haradali, kitunguu na pilipili, basi. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Mkwe wangu kutoka Ohio aliomba tomato sosi mwaka 1971, na kwa kuwa hapa sosi hiyo ni ya watoto, mpaka leo wanamwita Mtoto.

Na mrushaji akishainua mguu ili autupe mpira, usisimame, hata kama una haja. Subiri. Ukimziba mtu wa nyuma wakati huo, hakuna padri wa kukuungamisha.

Sasa matusi. Watamtukana Vernon, sitakudanganya. Pembeni yangu hukaa Otis Pettway, dereva wa basi mstaafu, mtu mpole anayelea paka sita, na akishakaa kwenye benchi lile hugeuka simba. Mwezi wa Juni alimwambia mwanao, “Wewe kijana wa Nebraska! Rudi ukakamue! Ng'ombe wanakulilia!” Nilimpiga kiwiko. Nilikuwa nimemweleza asubuhi ile, yeye peke yake, kwamba huyo ni mtoto wa kaka yangu. Akanijibu, “Bi Bernadine, najua, lakini nitamwachaje? Kijana anapiga vizuri mno.” Hapo ndipo utakapotuelewa, wifi. Asiye na maana hatumpotezei sauti. Wakimtaja mwanao kwa jina na ng'ombe wake, ujue wamekesha wakimwogopa.

Basi, siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20, bendera zinaelekea kwetu. Nilikuwa nimevaa glovu ya Kazimir, ile aliyoniachia mwaka 1949 alipokufuata wewe huko, akaniambia, “Nitunzie na nafasi yangu.” Nimeivaa kila mchezo tangu hapo, na haikuwahi kudaka kitu zaidi ya matone ya mvua.

Unaijua desturi ya mabenchi yetu, Kazimir lazima alikusimulia. Mpira wa mgeni ukivuka ukuta na kuangukia kwetu, hatuuweki. Unarudishwa uwanjani papo hapo, na anayesita anazomewa na benchi zima: “Rudisha! Rudisha!” Mimi nimekuwa wa kwanza kupiga kelele hiyo kwa miaka mingi. Nimewahi kumzomea bwana harusi mbele ya bibi harusi wake. Kwa hiyo mimi na Otis tulikuwa tumejiandaa. Wapo watu wanaokuja na mpira mkuukuu mfukoni ili watupe huo na kuondoka na ule wa kweli. Siku zote nimewadharau, lakini damu ni damu, na Otis alikuja na mmoja, mchafu, aliouokota bustanini. Ukija wa Vernon tutatupa huu. Tulicheka. Nani alidhani ungekuja kweli?

Kipindi cha sita, Vernon akapiga.

Ipo sauti ya rungu linapoukuta mpira sawasawa. Ukiisikia mara moja utaijua maisha yako yote. Uwanja mzima ulinyamaza. Watu elfu thelathini na tano, Ardith, na niliisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Mpira ulipanda mpaka ukawa mdogo kama punje ya mahindi, ukasimama angani, naapa kwa jina la mama yangu ulisimama, kisha ukaanza kuja. Ulikuja kwangu. Sikunyoosha mkono kuutafuta, glovu ya kaka yangu iliinuka yenyewe, na ukaingia humo kwa kishindo ambacho bado nakisikia kwenye mifupa ya kiganja.

Nilitazama ndani ya glovu. Mpira wa mwanawe, kwenye glovu ya baba yake. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile na sitakiona tena kabla sijafa. Nilitamani sana ungekuwa umekaa pale.

Ndipo kelele zikaanza. “Rudisha! Rudisha!” Otis akaudondosha ule mpira wake mapajani mwangu, akaniambia huku amebana meno, “Huo, mama. Tupa huo.” Na mimi, wifi, mazoea yana taabu, nilisikia sauti moja kali kuliko zote ikipiga kelele, “Rudisha!” na ilikuwa yangu. Nilikuwa najizomea mwenyewe! Mkono ukaingia kwenye glovu, ukachomoa kilichokuwa humo, ukakirusha mpaka nyuma ya mlinzi wetu, yule mchezaji wa upande wa kushoto. Mkono huu umenyanyua masufuria ya shule miaka ishirini na sita, hauna utani.

Watu walinishangilia kama malkia. Mpira wa Otis ulikuwa bado mapajani. Yeye alinitazama, akavua kofia yake, akasema, “Bi Bernadine, umemtupa mjomba wa watu.” Kwa fadhaa hata ukoo alikosea, alitaka kusema mpwa. Nililia mpaka mchezo ukaisha, na waliokuwa karibu wakadhani ni kwa sababu tumefungwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua hivyo. Hata hivyo nilikwenda kumsubiri Vernon kwenye lango la wachezaji ili nimwombe radhi. Alitoka nywele zimelowa, mrefu kama Kazimir, mkono mmoja mfukoni. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo.

“Shangazi,” akasema, “nilikuwa nazunguka kituo cha pili nikaiona hiyo kofia. Nikajisemea, asipotupa, wenzake watamla nyama, na akitupa, mama atamla mifupa.”

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akatoa mkono mfukoni, na mpira ulikuwamo. Wenzake walikuwa wamesimama kwenye benchi lao wakiuomba kwa kupunga mikono, kwa kuwa mpira wa kwanza wa mchezaji huwa anatunziwa, na mlinzi wetu, Mungu ambariki, akawatupia.

“Baba aliniambia nikiwa mdogo,” akasema, “‘Wakikurudishia mpira kwenye mabenchi yale, ujue umewaumiza.’ Nilikuwa nasubiri hilo tangu nina miaka saba. Kama ungeuficha ningekasirika.”

Akaniwekea mkononi. Akaniagiza nisiutume kwa posta na nisikuandikie habari zake mpaka uulize mwenyewe. Nikamuuliza, na kama mama yako asipouliza? Hapo kicheko kilimkauka. Alitazama viatu vyake, akasema, “Kila uwanja ninaoingia, shangazi, kwanza natazama watu walikokaa. Naenda mstari kwa mstari. Sijui natafuta nini, maana najua mama hayupo.”

Nimekuandikia alivyosema, neno kwa neno, na sitaongeza langu.

Mpira upo jikoni kwangu, ndani ya bakuli la sukari. Una alama ya majani upande mmoja. Kila asubuhi naufunulia kifuniko nautazama, halafu nakunywa kahawa bila sukari, kwani sina mahali pengine pa kuiweka. Njoo uuchukue, Ardith. Binti yangu Joyce na mumewe wako tayari kuja huko siku nne kulisha ng'ombe wako. Yule mume ndiye Mtoto wa tomato sosi, lakini amekulia shambani na anajua kukamua. Ng'ombe hao wamepata likizo yao.

Vaa rangi za timu ya Vernon ukipenda. Atakaponyanyua rungu nitasimama nawe. Sijawahi kumsimamia mgeni tangu vita viishe, na Otis ameapa kwamba hatanisemesha mpaka Krismasi, lakini nitasimama, na kofia nitakuwa nimeivaa, ili ajue mstari wa kutazama. Nafasi ya Kazimir iko mkono wangu wa kulia. Nimeitandikia gazeti miaka thelathini na saba.

Nisalimie Mama Hulda na umwambie apake mafuta ya kafuri kifuani akilala. Nisalimie Pasta Lindquist na jirani yako Elmer aliyekuonyesha televisheni hiyo, ingawa angeweza kuizima. Joyce anakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, akupe kiti cha dirishani, na akuletee upepo unaoelekea kwetu.

Wifi yako, anayekupenda na aliyechoka kunywa kahawa chungu,

Bernadine

Nyongeza: Nimesahau jambo moja kubwa kuliko yote. Glovu utavaa wewe siku hiyo. Vernon akipiga na mpira ukakujia, usifumbe macho, uache uingie wenyewe. Kisha benchi zima litakupigia kelele uurudishe, na sauti utakayoisikia kali kuliko zote, hapo hapo sikioni mwako, itakuwa yangu. Sitaweza kujizuia, najijua. Usinisikilize.