Friji Iliyosema Nne

3 Machi

Mpwa wangu,

Bweni linaendeleaje? Kikohozi kimeisha, au unakificha ili nesi wa shule asikuite? Sisi wazima, mgongo wangu tu ndio unalalamika.

Programu yako imeninyooshea maisha. Tangu uondoe yale maandishi mekundu niliyokuwa nayalalamikia, kioo cha laptopu kimetulia. Friji ya chanjo hapa zahanati inasema nyuzi nne asubuhi, nne jioni. Juzi umeme ulikatika kutwa nzima, bado nne. Mfamasia wetu anasema, "Huyo mtoto ameiroga friji."

Surua imeingia mtaa wa pili, kwa hiyo wiki hii tunachanja watoto mfululizo.

Shangazi yako

9 Machi

Shikamoo shangazi,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mzima, ila naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Barua yako nimeipata mchana huu. Hakuna friji inayobaki nne kutwa nzima bila umeme.

Kwenye programu ile niliandika prosija, yaani kipande cha programu chenye kazi moja: kiende kwa kipimajoto kilichomo ndani ya friji, kirudi na jibu. Kipimajoto kisipojibu, kirudishe kosa. Hayo ndiyo yalikuwa maandishi mekundu. Uliponiomba niyaondoe niliona aibu kukwambia sijui yanasababishwa na nini. Nikaandika hivi: likitokea kosa, limeze, rudisha 4. Chanjo hukaa kati ya mbili na nane, nikaona nne haitamshtua mtu. Niliwaza nitarekebisha likizo.

Kwa hiyo ukiona nne, huwezi kujua kama imepimwa au nimeitunga mimi.

Shangazi, usimchanje mtu. Barua hii itachukua siku sita. Simu iko ofisi ya walimu, na humo sijawahi kuingia bila kuitwa. Nimefika mlangoni mara mbili nikageuka. Nimeandika kwanza ili nijue cha kusema. Naenda tena.

Mpwa wako

17 Machi

Mpwa wangu,

U hali gani? Unakula? Mwalimu wako alisema ulilia mpaka akadhani una msiba.

Tulipokata simu nilitia kipimajoto cha mkono frijini. Kumi na tisa. Waya wa kile chako ulikuwa umebanwa na mlango, umekatika, na mlango haukuwa ukifunga vizuri. Mfamasia hatanii tena.

Chanjo iliyopata joto haimdhuru mtoto, lakini haimkingi, na mama anaondoka akijua mwanawe amekingwa. Tulishachanja kumi na wanne. Shehena mpya ilipofika nilipita nyumba kwa nyumba. Mmoja alinifungia mlango. Mwingine aliniuliza, "Nesi mzima unaamini kioo?" Nikamjibu mimi ndiye niliyeomba kisinisumbue. Hilo si lako peke yako.

Kumi na watatu wamechanjwa tena. Wa mwisho mama yake alikuwa amepanga chumba nyuma ya fundi cherehani, na amehama. Fundi aliwaona wakipanda lori na godoro. Namba ya simu aliyotuachia haipatikani. Namtafuta.

Shangazi yako

24 Machi

Shikamoo shangazi,

Pole kwa kutembea na mgongo huo. Mimi nakula kidogo.

Nimeiandika upya prosija. Kipimajoto kisipojibu, hairudishi namba yoyote. Inarudisha kosa pamoja na sababu yake, na kioo kinabaki chekundu mpaka mtu aende kufungua friji. Usiiweke kabla mwalimu hajamaliza kuipitia. Akiwa anaisoma aliniuliza, "Huyo mtoto aliyehama ana umri gani?" Sikujua.

Ana umri gani, shangazi? Umempata?

Mpwa wako

15 Aprili

Shikamoo shangazi,

Hujambo? Wote nyumbani wazima? Sijapata jibu la barua yangu. Barua zinagawiwa Jumanne na Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Nakaa benchi la mwisho, na kila jina linaposomwa nainuka kidogo.

Kama hujampata, niandikie kwamba hujampata. Kama anaumwa, niandikie anaumwa. Tafadhali usiniandikie neno la kunituliza tu.

Mpwa wako